Tufe la Muuza Nyama

Tufe jeusi la boling lilikuwa halijafika hata nusu ya njia, na Shangazi alishajua kwamba haitabaki pini. Alikuwa ameketi juu ya kibao chake nyuma kabisa, pale ambapo wachezaji hawapaoni, magoti kifuani na mgongo ukutani, akilisikiliza linavyokuja. Tufe zuri halipigi makelele njiani. Huvuma kwa chini, sauti moja tu, mpaka likutane na pini, na hapo ndipo husema lililo nalo. Hili lilisema. Pini zote kumi, zile chupa za mbao zilizopangwa mwisho wa njia, ziliruka kama kuku waliotupiwa jiwe, moja ikagonga ukuta karibu na sikio lake, na tufe likajitupa kwenye mto wa turubai na kutulia shimoni.

"Dereva huyo," alisema Masharubu kutoka shimo la jirani.

"Nani mwingine? Na limeingia upande wa pete."

Upande wa pete ulikuwa ni lugha yao wawili. Nafasi nzuri kuliko zote kwa tufe kupita ni ule mwanya kati ya pini ya mbele na jirani yake mmoja, na kwa Shangazi, aliyeketi akiwatazama wachezaji usoni, mwanya huo ulikuwa upande wa mkono wa kushoto, wenye pete ya ndoa. Pete yenyewe ilikuwa haitoki tena. Katika ukumbi ule wa boling hapakuwa na mashine ya kusimamisha pini. Palikuwa na Shangazi na Masharubu. Pini hukamatwa shingoni, mbili kila mkono, zikabanwa kati ya vidole na kusimamishwa juu ya alama za rangi sakafuni, moja moja, bila kutetemeka. Ukiifanya kazi hiyo miaka mingi, vidole hunenepa mpaka unakuwa kama umeazima mikono ya mtu mwingine. Yeye alishazoea. Aliokota tufe lile, akalisukuma kwenye reli ya mbao lirudi kwa Dereva, kisha akainama kuziinua pini zake.

Jina la Shangazi alilipata humohumo. Watoto wa kaka yake walikuwa wakija kumwona mama yao akicheza, wakipita nyuma kumsalimia, "Shikamoo shangazi, shikamoo shangazi," na baada ya wiki chache hata watu wenye mvi wakawa wanamwita hivyo. Mama wa watoto hao, yaani wifi yake, alikuwa mchezaji katika timu ya wanawake ya ukumbi. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki wifi alizitupa pini chini na wifi mwenziwe akaziinua. Utani wao ulianzia hapo na ulikuwa hauna mwisho. Wa mbele alisema wa nyuma anazikaza pini kwa gundi ili amtie aibu. Wa nyuma alisema hakuna haja ya gundi, tufe la wifi likifika huwa limeshachoka na kutafuta mahali pa kulala.

Jioni ile, Dereva na wenzake walipokwisha kuondoka, timu ya wanawake ilikutana kwenye mabenchi ya mbele. Shangazi alikuwa anafagia shimoni na alisikia kila neno. Mchezaji mmoja alikuwa amehamia mbali kufuata kazi, na nafasi yake ilikuwa wazi. Nahodha wa timu, mshona nguo mwenye sauti kavu na tepe ya kupimia shingoni hata akiwa michezoni, alisema Jumamosi asubuhi atampokea mwanamke yeyote atakayetaka kujaribu.

"Yeyote yule?" aliuliza mmoja.

"Yeyote. Watu wa kuzigusa pini ninao wa kutosha. Kila msimu tunashindwa kwa pini moja iliyosimama inatucheka. Nataka mtu wa kuzipiga."

Shangazi alisimama na ufagio mkononi. Moyo ulimwenda mbio kama wa msichana aliyeitwa jina lake darasani. Alikuwa amezisikiliza pini zikianguka karibu nusu ya maisha yake. Alijua zipi zimepigwa na zipi zimeangushwa tu na upepo wa bahati. Na mara zote, kila zilipopigwa sawasawa, alitamani ule mkono uwe wake. Alitamani tu, hakuwa na sababu nyingine ya kumweleza mtu, na mimi sioni kwa nini angehitaji nyingine.

Alimwambia wifi usiku huohuo, jikoni kwa kaka yake, mmoja akiosha sahani na mwingine akizifuta.

"Unataka kucheza? Wewe?" Wifi aliiacha sahani ndani ya maji.

"Nataka kujaribu."

"Kujaribu ni kuonja mchuzi umekolea chumvi, wifi yangu. Hapa watu wanaangalia."

"Waangalie. Macho ni yao."

"Hujawahi kurusha tufe hata mara moja!"

"Na wewe unarusha kila wiki. Umeona faida gani?"

Kaka mtu, aliyekuwa mezani akinywa chai kati ya dada na mke, alikumbuka ghafla kwamba bawaba za mlango wa nje zinalia, akachukua mafuta akaondoka. Alikuwa mtu wa busara kwa mambo madogo.

Wifi alijifuta mikono. Alipozungumza tena, utani ulikuwa umemtoka. "Nisikilize. Wewe ni wifi yangu, kila mtu pale anajua. Ukidondosha tufe mtaroni watacheka, na mimi ndiye nitakayekuwa nimekaa katikati yao. Nicheke nao? Nikasirike? Niseme nini? Kaa nyuma, wifi. Kule unaheshimika."

Hayo yalimwuma Shangazi, kwa sababu yalisemwa kwa upendo. Alizifuta sahani zilizobaki, akazipanga, akaaga vizuri, akaenda kwake. Usiku ule alijaza maji kwenye dumu na kusimama sebuleni kwake, akilibembesha dumu mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna usalama.

"Usalama upo," alisema Shangazi. "Lala."

Lililomsumbua halikuwa mkono. Mkono aliuamini. Lililomsumbua ni tufe. Kulikuwa na matufe kumi na kitu kwenye rafu ya ukumbi, ukiacha ya watu binafsi, na yote aliyajua kama mama anavyojua kikohozi cha kila mtoto wake. Kulikuwa na la kijani lenye ufa, ambalo liligonga kwa kelele nyingi na kuangusha kidogo. Kulikuwa na la chungwa, jepesi, la wanafunzi, ambalo lilifika kwa kasi na kugeuzwa na pini ya kwanza tu kama mgeni aliyekataliwa mlangoni. Kulikuwa na la bluu, ambalo halikuwa na mpenzi: matundu yake ya vidole yalichongwa zamani kwa ajili ya muuza nyama mmoja mwenye vidole kama ndizi, na tangu aache kucheza, kila aliyeliingizia vidole alisema linamchomoka. Halikutupwa kwa sababu hakuna atupaye kitu kizima. Na kulikuwa na lile jeusi. Hilo ndilo lililokuwa zito kuliko yote, na hilo ndilo lililokuwa likimrushia pini hadi masikioni. Kwa Shangazi hapakuwa na mjadala. Atakaye kupiga, apige kwa jeusi.

Jumamosi ilipofika, waliotokea kujaribu walikuwa wawili tu: yeye na nesi mmoja kijana, mwenye nywele zilizosukwa kwa unadhifu na raba zake mwenyewe, nyeupe pe. Shangazi alivaa raba za kuazima za ukumbi. Masharubu alikubali kusimamisha pini peke yake, na alipokuwa akipita kwenda nyuma alimminya mkono.

Wachezaji wa timu walijaa kwenye mabenchi. Wifi alikaa mwisho wa benchi, bangili zake zimetulia, akitazama dari.

"Kila mmoja ana mitupo mitano," alisema Nahodha. "Tufe lolote. Ukitaka kubadili, badili. Pini zitasimamishwa upya kila mara. Nesi, anza."

Nesi alikuwa mchezaji wa kweli. Aliteleza hatua zake bila kelele, akalitua tufe kwenye mbao kama anayelaza mtoto, na pini zikaanguka kwa adabu. Mara ya kwanza zilibaki mbili, mara ya pili moja, kisha moja tena, kisha mbili, na mwisho moja ile ya pembeni kabisa ambayo iliyumba, ikafikiri, ikaamua kusimama. Watu walimpigia makofi. Nahodha alipiga makofi pia, lakini macho yake yalikuwa kwenye ile pini moja.

"Shangazi."

Alikwenda moja kwa moja kwenye lile jeusi. Akasikia mtu benchini akivuta pumzi. Aliliinua kwa mikono miwili, akaingiza vidole, akasimama kwenye mstari. Pini zilikuwa mbali ajabu. Miaka yote alikuwa amezishika shingoni, na sasa zilionekana kama meno ya mtoto. Akapiga moyo konde, akatembea, akaurudisha mkono nyuma, na tufe jeusi likamvuta bega kama ng'ombe anayekataa kwenda sokoni. Lilimtoka kabla ya wakati, likaanguka kwenye mbao kwa mshindo uliotikisa rafu, likajikokota. Lilijikokota muda mrefu mpaka mtu akapata nafasi ya kukohoa. Kisha likaigusa pini ya mbele, na pini nne tu zikalala chini.

"Limekuja limelala!" Masharubu alipiga kelele kutoka nyuma. Hakukusudia ubaya, ndivyo walivyozungumza kila siku.

Kicheko kilipita benchini. Wifi hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anahesabu bangili.

Mara ya pili Shangazi alilichukua jeusi tena, kwa ukaidi tu, na safari hii alilirusha kwa nguvu zake zote. Likaingia kwenye mtaro wa pembeni kabla hata ya kufika nusu, likapita kando ya pini zote kumi bila kuzisalimia.

"Shangazi," alisema Nahodha, si kwa ukali, "ukitaka kupumzika, pumzika."

"Sijachoka."

Lakini uso ulikuwa umemwaka moto. Alisimama mbele ya rafu akiwapa mgongo watu, na hapo akaelewa ujinga wake. Tufe jeusi alilijua kwa namna lilivyofika. Hakuwahi kujua linavyoondoka. Lilikuwa na nguvu lilipotoka kwa Dereva, mtu mwenye mkono kama paja, na nusu ya kishindo kile alichokipenda kilikuwa cha Dereva mwenyewe. Alikuwa ameazima nguvu ya mtu akadhani ni ya tufe.

Akachukua la chungwa. Liliruka mkononi kama embe, likaenda kasi sana, watu wakasema "Ee!", likaipata pini ya mbele, na palepale likakata kona na kutokomea pembeni. Zilianguka sita.

"Hili limekuja na mbio lakini halina habari," Masharubu aliripoti.

Sasa hata Nahodha alitabasamu. Shangazi mwenyewe nusura acheke. Ilibaki mitupo miwili. Aliweka la chungwa pembeni na, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akaacha kuyatazama matufe akaanza kuyashika. Aliinua moja baada ya jingine, akaliacha lining'inie kwenye mkono ulionyooka, akilibembesha kidogo kama dumu la maji. Hili linamvuta bega. Hili halivuti kabisa. Hili lina uzito mzuri, lakini matundu yake yalimkaba vidole, kidole gumba kikakwama kama kwenye shingo ya chupa, na kidole kikikwama tufe haliondoki, hudondoka. Akayaacha yote, moja moja. Nyuma yake walianza kunong'ona.

Mwisho wa rafu lilikuwa la muuza nyama.

Aliingiza vidole vitatu ndani ya matundu yale mapana ambayo kila mtu alikuwa ameyalaani, na vikaingia. Havikubanwa na havikuelea. Vile vidole vinene, vilivyonenepeshwa na shingo za pini, viliingia hadi mwisho na kidole gumba kikatoka laini kama kinavyotoka kwenye siagi. Alilibembesha. Lilikuwa zito kiasi cha kumkumbusha kuwa lipo, na jepesi kiasi cha kumtii. Akalibembesha tena. Alihisi furaha ya ghafla, furaha ya kipumbavu kabisa kwa mtu aliyekuwa anashindwa mbele za watu.

"Wifi, hilo linachomoka!" Wifi alishindwa kujizuia. Alikuwa amesimama. "Acha hilo, litakuaibisha!"

"Kwenu linachomoka," alisema Shangazi.

Akatembea, mkono ukaenda nyuma na kurudi, na tufe la bluu likaondoka mkononi mwake bila kuaga. Mbao hazikulia. Ukumbi wote ukasikia ule mvumo wa chini, sauti moja. Kishindo kilichofuata kilimfanya nesi ashike kifua. Pini ziliruka, moja ikagonga dari ya shimo, Masharubu akapiga yowe.

Moshi wa vumbi ulipotulia, zilikuwa zimesimama mbili, moja kulia kabisa na moja kushoto kabisa, zimetazamana kama mashahidi.

"Nane," alisema Nahodha polepole. Alikuwa ametoa tepe shingoni. "Nane, lakini jamani, mmesikia?"

Benchi zima lilikuwa limesikia. Ila nane si tisa, na nesi alikuwa na tisa zake tatu. Shangazi alisimama kwenye mstari akizitazama pini zile mbili, na akili haikumpa amani. Pini haziachwi hivyo tufe likipita upande wa pete. Ameziinua mara ngapi? Tufe likiingia mwanya ule kwa nguvu ile, zinaanguka zote. Na yeye alikuwa amelielekeza mwanya uleule, upande wa pete, kushoto...

Akageuka. Alizipa pini mgongo, akawatazama watu wa benchini usoni kama alivyokuwa akiwatazama kila siku ya kazi, akafumba macho, akaunyoosha mkono wenye pete.

"Ameanza kuomba," mtu alisema.

"Mwacheni," alisema wifi.

Shangazi alibaki ameunyoosha mkono ule, kisha akageuka taratibu kuzielekea pini, mkono hewani, mpaka ukawa upande mwingine kabisa wa ukumbi. Akafumbua macho. Akaanza kucheka, peke yake, kwa sauti, mpaka machozi yakamtoka. Miaka yote alikuwa ameujua mchezo kutokea nyuma. Kwa anayerusha, mwanya mzuri ulikuwa kulia! Ulikuwa kulia tangu asubuhi, na yeye alikuwa akiupiga ule mbovu kwa bidii yote.

"Masharubu!" aliita.

"Naam!"

"Simamisha vizuri. Halafu kaa mbali."

Alisogea hatua moja, akalishika tufe la bluu kifuani mpaka mikono ikatulia. Wakati huu hakufikiria Dereva wala Nahodha. Alitembea. Tufe liliondoka, likavuma, na yeye alibaki ameinama pale kwenye mstari, mkono mbele, akilisikiliza kwa mara ya kwanza linavyokwenda zake. Alijua kabla halijafika. Alijua kama alivyokuwa akijua siku zote, na bado liliponguruma ndani ya ule mwanya wa kulia na pini zote kumi zikapaa, alipiga kelele kama mtu aliyeshtuliwa.

Haikubaki hata moja. Hapakuwa na ya kuyumba wala ya kufikiri.

Masharubu alitoka shimoni akikimbia juu ya njia na viatu vyake vichafu, kitu kilichokatazwa tangu ukumbi ufunguliwe, ana pini kila mkono, anacheza. Benchi liliinuka lote. Nesi alikuwa wa kwanza kumkumbatia. "Shangazi, mimi ningekuwa nahodha ningejiacha mwenyewe," alisema, na Nahodha akasema ndivyo hasa atakavyofanya, maana watu wa kubakiza pini moja anao tayari, ila nesi asikate tamaa, msimu ujao aje mapema. Kisha akamzungushia Shangazi tepe shingoni kama shada.

"Ulikuwa wapi siku zote?" aliuliza Nahodha.

"Pale," alisema Shangazi, akaonyesha.

Wifi alikuja mwisho. Alisimama mbele yake. Alimshika mikono yote miwili akaitazama, ile mikono minene yenye pete isiyotoka.

"Nilikuambia ukae nyuma," alisema.

"Uliniambia."

"Basi niache nilie kidogo."

Walilia kidogo, wakacheka, na Nahodha akapiga makofi kusema mazoezi yaanze, njia zote mbili. Masharubu alisema yeye ana mikono miwili tu. Hapo Shangazi, bila hata kufikiri, aliweka tufe la bluu chini na kuanza kutembea kwenye ujia wa pembeni kuelekea nyuma.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Nahodha.

"Pini."

"Mchezaji wangu hainui pini akiwa kwenye zamu ya kutupa. Kaa."

Watu walitazamana. Kisha wifi alivua raba zake nzuri, akakunja mikono ya blauzi, akapita kwenye ule ujia mwembamba bila kumtazama mtu. Shangazi alikaa kwenye benchi la wachezaji, tufe mapajani, hajui miguu aiweke wapi. Kule mwisho wa njia mkono wenye bangili ulitokea shimoni na pini moja. Ukaiweka kwenye alama. Pini ikaanguka. Mkono ukatokea tena, bangili zikalia, ukaisimamisha pini polepole, ukabaki juu yake kidogo, kiganja wazi tayari kuidaka, bila kuigusa.